Kombe jeupe kwenye shimo la pweza: majirani Waislamu walivyonifundisha Sabato

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, na rika zangu hamjambo.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Lakini wiki hii nimekutana na uzi wa watu kubishana kuhusu Sabato, ni Jumamosi au Jumapili, ni sheria au neema, mpaka wakaanza kutukaniana wazazi. Nimesoma kurasa zote mpaka kichwa kikauma.

Nikasema ngoja na mimi niseme yangu. Sikuja kubishana siku. Nimekuja kusimulia kitu kilichonitokea mimi mwenyewe, na aibu yake ninayo mpaka leo. Sitatia chumvi, chumvi kwetu ni ya samaki.

Kwetu ni kaskazini mwa Cabo Delgado, pwani ya Palma, karibu na mpaka wa Rovuma. Kijiji sikitaji jina maana wote tunajuana, na humu wamo wanaotoka kule. Ukisimama ufukweni siku ya hewa safi unaona visiwa, na ukienda bara siku moja kwa miguu uko Nhica.

Kijiji chote ni Waislamu. Tulikuwa nyumba nne tu za Wakristo, tena wa kuja. Mama yangu ni Mmakonde wa Mueda, alishuka pwani na baba aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba akafariki nikiwa mdogo sana. Watu wakadhani mama atafunga mizigo arudi kwao mlimani.

Hakurudi. Jirani yetu Bi Zainabu alimshika mkono, akampeleka mwambani, akamfundisha kuchokoa pweza.

Kwa wale wa bara: maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, mwamba unabaki mkavu na wanawake wanatembea juu yake na chuma mkononi. Pweza anakaa kwenye shimo. Unalijua shimo lake kwa magamba ya kaa aliyoyala na vijiwe alivyovipanga mlangoni. Unachokoa na chuma, anakishika, unamvuta. Na ukimtoa huyu leo, baada ya siku kadhaa mwingine anahamia humohumo. Kwa hiyo shimo ni mali. Kila mwanamke ana mashimo yake, na hakuonyeshi hata kama unamwoa binti yake.

Bi Zainabu alimwonyesha mama mashimo tisa. Tisa! Mtu wa bara aliyekuwa anaogopa maji ya magotini!

Wakawa mashoga. Utani wao usikie hivihivi. Bi Zainabu alikuwa akimwambia mama, "Nyie Wamakonde bahari mnaijua kwenye kikombe." Mama naye, "Na nyie mkiona mlima mnauliza umeota lini." Basi watacheka mpaka wakae chini.

Sasa tuje kwenye Sabato.

Sisi ni wale tunaosali Jumamosi. Mama alikuwa hana mchezo na siku hiyo. Ijumaa mchana nyumba yetu ilikuwa vurugu tupu. Maji yachotwe yote ya kesho. Kuni zipasuliwe. Muhogo utwangwe, kisamvu kiungwe na nazi na karanga, samaki wakaangwe, vyombo vioshwe, uwanja ufagiliwe, vichwa visukwe. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunakimbizwa kama kuku.

Saa hatukuwa nayo. Sasa mtauliza Sabato tuliijuaje imeingia? Kwa adhana, wakuu. Bilali akiadhini Magharibi siku ya Ijumaa, mama anavua kapulana, kanga yake ya jikoni, anajifunga ile safi, anakaa kwenye mkeka, anasema, "Haya. Imetosha." Na Jumamosi bilali huyohuyo akiadhini Magharibi, Sabato yetu imetoka.

Siku bilali akiugua, mama alikuwa anatuma mtu kumuulizia hali. Nilidhani ni ujirani tu. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu.

Ile jioni ya Ijumaa naikumbuka mpaka harufu. Kisamvu kimefunikwa, nywele zinavuta kwa kusukwa, mkeka una baridi. Hakuna anayekutuma. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa anaongea na sisi huku ameinamia kitu, siku ile alikuwa anatuangalia usoni. Wakuu, mimi hicho kitu sijakipata tena popote.

Lakini maji ya bahari hayajui Sabato. Bamvua ikija, maji yanapwa siku tatu nne mfululizo, na mara nyingi Jumamosi imo humohumo. Wanawake wanapita mlangoni kwetu na vyuma vyao wakienda mwambani, na sisi tumevaa nguo safi tunakwenda kusali chini ya makuti.

Ijumaa ilikuwa zamu yao. Ijumaa kijiji hakiendi pwani mpaka swala iishe, na swala ikiisha maji yameshajaa. Mama na wale wanawake wachache wa kwetu ndio walikuwa mwambani Ijumaa, pamoja na wageni wa madago, wale wavuvi wanaopiga kambi na kuhama.

Hao wageni ndio walioanzisha jambo hili. Shimo la mtu hawalijui wala hawalitaki kulijua, wakiona pweza wanachukua. Basi mama akawa Ijumaa anawahi mwambani wa kwanza, anaweka kombe jeupe, lile gamba la chaza, kwenye mdomo wa kila shimo la Bi Zainabu, amelibana na jiwe lisisombwe. Mgeni akiuliza, anaambiwa, hapa pana mwenyewe, leo amepumzika. Jumamosi Bi Zainabu anayachukua makombe yaleyale, anayaweka kwenye mashimo ya mama. Jumapili mama anayaokota, anayarudisha kwenye kikapu. Hivyo hivyo, bamvua baada ya bamvua.

Hawakuandika popote. Hakuna mkutano uliokaa. Na wanawake wengine wakaja wakaiga.

Mimi nilikuwa nayaona hayo makombe tangu utotoni na sikuyapa maana yoyote. Mtoto anaona maana kwenye vitu vya ajabu tu, vya kila siku anavipita.

Sasa nikafika miaka kumi na sita. Mwaka ule kamati ya ufuo ilifunga mwamba miezi mitatu. Hakuna kuchokoa pweza, hakuna kukanyaga, ili wakue. Wanawake walilalamika, tukala muhogo mkavu, tukavumilia. Siku ya kufungua ikapangwa Jumamosi, kwa sababu Ijumaa haiwezekani na gari la barafu la mnunuzi kutoka Palma lilikuwa linakuja Jumamosi.

Jamani, siku ya ufunguzi ni sikukuu. Pweza wa miezi mitatu ni wakubwa, mmoja anajaza sinia. Mwaka ule nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari Palma na sikuwa na viatu. Mama alikuwa ameniahidi viatu vya ufunguzi.

Nilipoijua siku, nikamfuata jikoni. Nikamwambia mama, hii siku moja tu. Mungu anaona. Wengine watamaliza kila kitu Jumamosi, Jumapili utakuta maji na mawe.

Akaendelea kupepeta. Akaniambia, "Mwamba umepumzika miezi mitatu umenenepa. Wewe siku moja inakushinda?"

Nikamwambia, lakini viatu. Akasema, "Zainabu yupo."

Nikatoka nimevimba. Zainabu yupo! Siku ya kawaida sawa, watu watalistahi kombe. Lakini siku ya ufunguzi, kijiji kizima kina njaa ya miezi mitatu, nani atainama aone kombe halafu ainuke mikono mitupu? Nilimwona mama mjinga. Nalisema kama lilivyokuwa. Nilimwona mama mjinga, na Sabato yake nikaiona ni ya watu wenye akiba.

Jumamosi ikafika. Tukaenda kusali. Katikati ya somo nikashika tumbo, nikamwonyesha mama kwa uso kwamba ni yale mambo ya kike. Akanipa ruhusa kwa kichwa.

Nikaenda nyumbani, nikachukua chuma chake na ndoo, nikapita kwenye mikoko nisionekane.

Nilipotokea upande wa pili, maji yalikuwa yameshaanza kugeuka. Wanawake walikuwa wanarudi kwa kelele, mabeseni kichwani, wanakimbilia gari la barafu. Mashimo ya mama yako mwisho kabisa wa mwamba, mbali nao. Nikainama inama mpaka nikafika.

Kombe lipo. Shimo la kwanza, kombe. La pili, kombe. Yote tisa.

Na pweza wamo!

Sasa angalieni akili ya mtoto wa miaka kumi na sita. Wanawake wote wa kijiji wameshapita pale tangu asubuhi. Wamewaona wale pweza. Wamewaacha. Jibu la hofu yangu yote lilikuwa limekaa mbele yangu, jeupe, limebanwa na jiwe. Mimi nikasema moyoni, afadhali nimewahi.

Nikawa natoa kombe natupa majini, nachokoa. Natupa, nachokoa. Nikawatoa watano, wakubwa sijapata kuona, mmoja alinizunguka mkono mpaka kwapani nikalia. Maji yakanifika magotini nikaacha mashimo manne yaliyobaki, na makombe yake nikayang'oa kwa papara nisijue hata kwa nini.

Mpango wangu ulikuwa hivi: nawaficha, Jumapili naenda na mama mwambani, nachomeka pweza kwenye beseni lake kidogo kidogo, anafurahi, napata viatu, Mungu anatukuzwa. Msinicheke.

Nikaweka ndoo nyuma ya jiko, nikafunika na gunia bichi. Barafu sikuwa nayo. Jua mnalijua la kwetu.

Jumapili asubuhi nikafunua gunia. Loh! Nikafunika haraka. Paka wa mtaa mzima walikuwa wameshapata taarifa.

Mama akaenda mwambani peke yake, akiimba. Nilimsikia anaimba mpaka aliposhuka mchangani.

Aliporudi, Bi Zainabu alikuwa anamsubiri ufukweni pamoja na wenzake. Nami nilikuwepo, nimejificha nyuma ya shughuli za kuanua nyavu za mjomba mmoja. Bi Zainabu alikuwa na furaha kuliko mama mwenyewe. Akampigia kelele kwa mbali, "Shoga, yule wa shimo la tatu umemwona kichwa? Nilimfunika huku mate yananitoka!"

Mama akatua beseni. Ndani walikuwemo wawili, wadogo.

"Makombe nimeyakosa," mama akasema. "Sijui maji yamesomba."

Maji hayasombi kombe lililobanwa na jiwe, na kila mwanamke pale alijua. Halafu akatokea mmoja mwenye mdomo, kila kijiji kinaye, akasema polepole, "Na mashimo ya mama huyu nani anayajua kushinda wewe, Zainabu?"

Wakuu, niliuona uso wa Bi Zainabu. Sijui niuelezeje. Alimwangalia mama. Mama akasema hapohapo, "Zainabu hapana." Lakini alisema huku anaangalia mchanga, kwa uchovu tu, na Bi Zainabu akaona ametiliwa shaka.

Akajifunga kapulana kiunoni. Akasema, "Wallahi, leo baada ya Alasiri tunasoma Halbadiri. Aliyechukua tumbo livimbe, awe mimi, awe nani."

Mnaoijua Halbadiri mnajua. Kisomo kile mwizi akisikia tu kimepangwa anarudisha mali kabla ya ubani kuwashwa. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa mtoni, lakini nawaambia ukweli, niliogopa. Nilijisemea Halbadiri haiulizi mtu anasali siku gani.

Nikakimbia nyumbani. Mama aliponifuata nilikuwa nimekaa kando ya ile ndoo, nalia na nzi wangu.

Sikuhitaji kusema mengi, harufu ilishasema. Nikamwambia yote, na lile la tumbo pia.

Nilingoja kipigo. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye kizingiti. Kisha akasema, "Jana nilipumzika vizuri sana. Nilisema moyoni, Zainabu yupo."

Kaka zangu na dada zangu, afadhali angenichapa.

Akanitwika ndoo kichwani, na ule uvundo, tukapita nayo kijiji kizima mpaka kwa Bi Zainabu. Watu wakawa wanaziba pua na kutufuata. Nikapiga magoti uwanjani kwake mbele ya wanawake wote, nikasema ni mimi.

Bi Zainabu aliangalia ndani ya ndoo. Akasema, "Aka! Hawa ndio wale?" Kisha akaketi, akajifunika uso na mtandio. Nilidhani analia. Alikuwa analia kweli.

Alipofunua uso aliniambia maneno ambayo hakuna mchungaji aliyewahi kunihubiria vizuri hivyo. Alisema, "Mwanangu, jana wanawake wote wa hapa walipita kwenye mashimo ya mama yako. Njaa wanayo. Watoto wanao. Hakuna aliyeinama. Kijiji kizima tulimwacha mama yako apumzike. Wewe uliyetoka tumboni mwake ndiye uliyeshindwa."

Halbadiri haikusomwa. Yule mwenye mdomo aliomba radhi, tena mara mbili. Mama na Bi Zainabu walishikana mikono pale uwanjani, wakakaa hivyo.

Adhabu yangu alinipa Bi Zainabu, siyo mama. Makombe niliyoyatupa niyatafute tisa mengine, meupe, yasiyo na ufa. Na kila Ijumaa ya bamvua, mpaka nitakapokwenda Palma, niwe mimi ninayewahi mwambani kuyaweka kwenye mashimo yake. Nilikwenda sekondari na ndala. Viatu nilivipata muhula wa pili.

Sasa ruka miaka.

Vita vikatufika. Hilo sitalieleza sana, wenye kujua wanajua. Tulitawanyika. Wengine walivuka Rovuma, wengine baharini. Mimi, mama na kaka tukaishia Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, siyo kile kisiwa. Bi Zainabu tulipoteana naye njiani, hatukujua yuko hai au la.

Pemba nilianza kuuza maandazi na bajia karibu na stendi. Mwanzoni Jumamosi nilifunga. Kisha Jumamosi moja nikafungua, watu ni wengi siku hiyo. Halafu ya pili. Nikawaambia wa kanisani ni kwa muda. Ikawa siku saba kwa wiki, miaka. Simu haizimwi, mafuta hayapoi, stress juu ya stress. Nikawa mtu wa kufokea watoto wa wenzangu kwa kumwaga maji.

Mama aliendelea na Sabato yake chumbani. Mguu wake ulishaharibika, hatembei mbali. Ijumaa jioni anazima simu, anakaa kwenye mkeka. Pale adhana ni nyingi, anachagua msikiti mmoja. Aliacha kuniuliza nakuja lini kukaa naye. Mimi nilikuwa naona hana kazi, ndiyo maana anapumzika. Kumbe yule mwanamke alipumzika hivyohivyo alipokuwa na watoto wawili, mjane, na mwamba umefunguliwa.

Mwaka huu watu wakaanza kurudi kijijini kwa wingi. Nikatangulia peke yangu kuangalia nyumba.

Nyumba ilikuwa kuta tatu. Nikatandika turubai. Nikanunua muhogo. Siku ya tatu nikaona wanawake wanapita na vyuma, bamvua imeingia. Ilikuwa Jumamosi. Sitasema nilisahau, nilikumbuka. Nikajiambia Mungu anaelewa, mimi nimepoteza vingi. Nikaazima chuma, nikaenda.

Miguu ilikumbuka njia yenyewe. Nikapita mwamba wote mpaka mwisho kabisa.

Kwenye shimo la kwanza palikuwa na kombe jeupe, limebanwa na jiwe.

Nikaenda la pili. Kombe. La tatu. Kombe. Nikahesabu yote tisa, nikarudi nikahesabu tena. Yalikuwa yamewekwa asubuhi ileile, jiwe la juu bado kavu.

Nilisimama pale na chuma mkononi, umri wangu huu, na nikajiona na ile ndoo.

Nikasikia nyuma yangu, "Leo Jumamosi. Umekuja kutembea?"

Bi Zainabu. Amekonda, mgongo umepinda, kikapu begani. Alirudi kabla yetu kwa miaka miwili. Nikamwangukia shingoni, sikujali chumvi wala mwamba. Alipoweza kunitoa, nikamuuliza, mama Zainabu, miaka miwili hii ulikuwa unamwekea nani? Ulijuaje kama tutarudi?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Nyinyi sikujua," akasema. "Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja."

Nikampa kile chuma nilichoazima ampelekee mwenyewe. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikaosha miguu, nikalala chini ya turubai mchana kweupe. Sikuwa nimelala mchana tangu Pemba. Nililia kidogo, kisha nikalala usingizi wa mtoto.

Bilali alipoadhini Magharibi, nikampigia mama, nikijua ndipo anawasha simu. Nikamsimulia. Kwamba Zainabu yupo. Kwamba makombe yapo, yote tisa.

Kisha akauliza swali moja tu: "Na yeye Ijumaa mashimo yake anayawekea nani?"

Hakuna, wakuu. Mwenye kazi hiyo alikuwa Pemba anakaanga bajia siku saba.

Bamvua iliyofuata, Ijumaa, nilikuwa wa kwanza mwambani. Mashimo ya Bi Zainabu nayajua, niliadhibiwa nayo. Nikayaweka makombe kwenye kila mdomo nikabana na jiwe. Jua lilipoelekea kuzama nilikuwa nimeshapika, nimefagia, nimezima simu. Adhana ikaanza. Nikakaa kwenye mkeka nikasema kwa sauti, peke yangu, "Haya. Imetosha."

Nilichojifunza si kirefu. Nilikuwa nadhani Sabato ni kati yangu na Mungu, nikishindwa ni deni langu mwenyewe. Kumbe kupumzika ni kukubali kwamba kuna Mungu na kuna watu, na vitu vyako vitakaa salama usipovishika. Asiyeweza kuacha kazi hata siku moja hajamwamini yeyote. Mimi nilikuwa hivyo, na sikuwa na amani. Na ukitaka siku yako ilindwe, linda ya mwenzako, hata kama anasali tofauti na wewe.

Mama anakuja mwezi ujao. Mwambani hatafika tena, lakini mkeka nimeshanunua.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kupinga apinge, ila matusi ya wazazi tuyaache kwenye ule uzi mwingine. Mimi nina swali moja tu kwenu: siku unayopumzika, nani anakuwekea kombe? Na wewe unamwekea nani?

Nitawajibu wote, isipokuwa mkiandika kuanzia Ijumaa Magharibi. Hapo simu yangu imezimwa.